Uzi: Kilo 11 baada ya kujifungua, na mtoto hakukosa maziwa

Mama wa Wawili, Mji wa Kale

Assalamu alaykum, na habari zenu nyote. Nimeuahidi uzi huu muda mrefu, na kila nikikaa kuandika mtoto anaamka. Leo amelala, mavyaa, mamake mume wangu, yuko naye chumbani, basi wacha niseme.

Mimba ya pili ilinikuta na kilo 64. Siku naingia leba nilikuwa 81. Wiki moja baada ya kujifungua mizani ikasema 74, nikashukuru nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe zile saba zilikuwa mtoto mwenyewe, kondo la nyuma, maji ya uzazi, damu, na maji ya mwili yanayotoka kwa jasho na mkojo siku za mwanzo. Mafuta hayakuwa yameguswa. Kufika mwezi wa tano nikapanda hadi 78. Mtoto ananyonya usiku na mchana, kila anayenitembelea ananiambia "nyonyesha tu, utakonda", na mimi nazidi kunenepa. Leo mtoto ana miezi 16, mimi nina 67. Kilo 11 kwa miezi 11, na katikati pana mwezi mzima ambao sikupungua hata robo.

Nianze na kosa. Mtoto alipokuwa na miezi mitatu nilinunua chai ya kupunguza tumbo kutoka kwa mwanamke anayeuza kwa simu. Siku ya tatu nikawa naharisha mara sita, saba. Mizani ikashuka kilo mbili, nami nikafurahi. Wiki ya pili maziwa yakapungua na mtoto akawa analia kwenye titi. Kliniki wakampima, nesi akanionyesha mstari kwenye kitabu: ulikuwa ukipanda vizuri, sasa umelala. Akaniuliza taratibu, "Mama, unakula nini? Unakunywa nini?" Nikamwambia ukweli huku nalia. Akanieleza kwamba nyingi ya chai hizo ndani yake ni sanamaki, ile ile tunayoijua ya kusafisha tumbo. Kinachotoka ni maji na choo, ukinywa maji kilo zinarudi. Niliitupa siku hiyo hiyo, na kilo zangu mbili zilirudi ndani ya siku nne.

Baada ya hapo nikaamua kuhesabu ninachokula kwa siku tatu, bila kubadilisha kitu. Wallahi sikuwa najua. Vikombe vinne vya chai ya maziwa, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Uji bakuli mbili, kila moja vijiko vinne. Hivyo ni vijiko 20, karibu gramu 80 za sukari, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 50 hivi kwa siku. Hapo sijagusa mahamri manne ya asubuhi wala viazi karai vya jioni. Nilikuwa nakula chakula cha arubaini, zile siku arubaini za mzazi kutunzwa ndani, mwezi wa tano!

Sikuacha wali wa nazi, msiniulize. Nilichofanya ni kuupima kwa kikombe badala ya mwiko. Kasimile, lile tui zito la kwanza, ikawa ya Ijumaa, siku nyingine tui la pili linatosha. Nusu ya sahani ikawa mchicha, mkunde au mabenda, na pembeni kibua au changu wa kuchoma, au pojo, au maharagwe. Mahamri yakashuka hadi mawili, mbaazi zikaongezeka, maana mbaazi zinashibisha. Sukari nilipunguza nusu kijiko kila wiki, na sasa chai ya vijiko vitatu siwezi kuinywa. Njaa ya usiku ya kunyonyesha haidanganywi kwa maji, kwa hiyo nilikuwa naweka tende tatu na yai la kuchemsha kando ya kitanda.

Lakini hayo yote nisingeyaweza bila mavyaa. Ndiye aliyekuwa akinijazia bakuli, kwa mapenzi. Jioni moja nikamwambia, "Mama, nishikie mtoto baada ya Alasiri, nusu saa tu, nikatembee." Nilijua atasema mwanamke mwenye mtoto hatangitangi njiani. Akanyamaza. Akachukua leso, akamfunga mtoto, akasema: "Nenda. Urudi kabla ya Magharibi."

Siku ya kwanza nilifika Fort Jesus tu, nikakaa kwenye ukuta nikahema. Baada ya mwezi nilikuwa nafika Mama Ngina kwenye mibuyu na kurudi. Siku tano kwa wiki, jua limeshalegea, chupa ya maji mkononi.

Ulizeni, nitajibu nikipata nafasi.

Umm Pacha, Mikindani

Mashallah dada. Swali langu: mimi nilipasuliwa, watoto wana wiki tisa. Tumbo langu limebaki kama nina mimba ya miezi mitano. Nikijiinua kitandani katikati panatokea kitu kama mgongo wa samaki. Nimeanza kufanya mazoezi ya tumbo, yale ya kulala chali na kuinuka, mara hamsini kila asubuhi, na naona kinazidi. Nifanye nini?

Nesi wa Zamani

Umm Pacha, acha hayo mazoezi leo mwanangu.

Nimefanya kazi ya wodi ya wazazi miaka mingi na hiki ndicho nilichokuwa nakiona sana, hasa kwa waliobeba pacha. Misuli miwili ya mbele ya tumbo imeachana, kizazi kiliisukuma huku na huku. Hayo mafuta unayoyaona ni kidogo. Kila ukijiinua hivyo unaisukuma tena.

Jipime. Lala chali, kunja magoti, weka vidole juu kidogo ya kitovu, inua kichwa tu, mabega yabaki chini. Utasikia kingo mbili za misuli, hesabu vidole vinavyoingia kati. Ikiwa wiki nane zimepita na bado nafasi inapita vidole viwili, mwone mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali kubwa ya Makadara wanao, uliza kliniki yako wakuandikie barua.

Kwa sasa fanya haya. Lala chali, vuta pumzi, na unapoitoa vuta kitovu ndani kama unayefunga zipu ya sketi iliyobana. Shikilia ukihesabu tano. Halafu misuli ya chini, ile inayoshika kibofu na kizazi: kaza kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, shikilia, legeza. Mara kumi, mara tatu kwa siku. Usiyafanye ukiwa unakojoa. Haya hata aliyepasuliwa anaweza kuanza mapema, mpira wa mkojo ukishatolewa. Ukitoka kitandani geuka ubavu kwanza, jisukume kwa mkono. Na kitu kizito kuliko mtoto mmoja, mwachie mwingine abebe hadi mshono uwe umepona sawasawa na daktari ameuona.

Na kwa wengine wote: wiki sita za kwanza achaneni na mizani. Kizazi kinarudi mahali pake, kinahitaji muda huo. Kliniki ya wiki sita, ile ya chanjo ya mtoto, msiondoke kabla hamjapimwa na nyinyi. Presha, damu, mshono. Aliyekuwa na kisukari cha mimba apimwe sukari tena kati ya wiki ya 6 na ya 12, maana kisukari hicho huondoka, na kwa wengine kikaja kurudi baada ya miaka, kikiwa cha kudumu.

Anayenyonyesha hutumia karibu kalori 500 za ziada kwa siku kutengeneza maziwa. Ndiyo maana nusu kilo kwa wiki ndiyo kasi ya juu ninayoikubali, na kula chini ya kalori 1,800 sipendi kabisa. Mama wa Wawili alikwenda kwa kilo moja kwa mwezi. Mimi naona hivyo ndivyo.

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Masalkheri wanangu. Nimesomewa uzi wote na mjukuu wangu, naye ndiye anayeniandikia.

Sisi tulizaa saba, wanane, na matumbo yakarudi. Siri ni mkaja, ile nguo ya kufunga tumbo la mzazi. Unafungwa kuanzia siku za mwanzo, unakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, unakunywa uji wa pilipili manga, hutoki nje. Siku hizi mnatoka wiki ya kwanza na tuk-tuk kwenda dukani, kisha mnalalamika. Msidharau ya wazee.

Nesi wa Zamani

Bibi yangu, hatudharau. Mkaja uliofungwa kwa kiasi unamsaidia mzazi, mgongo unapumzika na tumbo linajihisi limeshikwa. Ninachokataa ni ule wa kubana hadi mtu hapumui au mkojo unamtoka. Unasukuma kizazi chini. Na mafuta hauyeyushi, mkaja wala ile mikanda ya plastiki ya madukani. Maji ya moto pia, aliyepasuliwa asimwagiwe kwenye mshono, na aliyeshonwa chini asikalishwe kwenye maji ya kuunguza. Nimewaona waliobabuka.

Uji wa pilipili manga endeleeni kuwapa. Sukari na samli ndizo za kutiliwa mkono mwepesi.

Mama wa Wawili, Mji wa Kale

Bibi, maneno yako yamenirudisha mbali. Nimekaa nikajiuliza ni lini hasa nilinenepa. Nilipotazama kitabu cha kliniki: wiki ya sita nilikuwa 73. Nilitoka arubaini nikiwa mwepesi kuliko nilivyoingia!

Katika arubaini nilikuwa na mamangu, mavyaa, wifi zangu wawili na somo yangu anayekuja kunikanda. Nilikuwa nalala mchana. Nilikuwa nakula chakula kilichopikwa, kwa wakati. Siku ya arubaini na moja mamangu alirudi Lamu, wifi wakarudi kwao, mavyaa akarudi kwenye biashara yake ya asubuhi. Nikabaki na mtoto mchanga, mkubwa wa miaka minne, nguo za kufua, na usiku wa kuamka mara tano. Mtu aliyepata usingizi wa saa tatu tu usiku kucha hapiki mchicha. Anakula boflo na chai ya sukari akiwa amesimama, saa nne, saa sita, saa tisa. Hapo ndipo kilo tano zangu zilipoingia.

Kwa hivyo kwangu mimi wazee walikuwa wameshika jambo kubwa: mzazi anahitaji mikono ya watu. Tumekosea kuikata mikono yote siku moja, kama kwamba siku ya arubaini na moja mwanamke amekuwa mzima. Mavyaa aliponishikia mtoto ile nusu saa, ni kama arubaini ilirudi kidogo kidogo.

Baba wa Changamwe

Samahanini kina mama, mimi ni mwanamume, nimeingia kwa heshima. Mke wangu amejifungua miezi saba iliyopita. Nilimwambia kwa nia njema kwamba amenenepa, afanye mazoezi. Hakunisemesha siku mbili, na sasa anakula kwa kujificha. Naogopa nimeharibu. Nifanyeje?

Umm Pacha, Mikindani

Mwombe radhi kwanza. Kisha usilitaje tena jambo la mwili wake, yeye anakiona kioo kila siku.

Mama wa Wawili, Mji wa Kale

Ndugu yangu, umefanya vyema kuuliza. Ukirudi kazini mchukue mtoto kabla hujakaa. Mwambie "nenda kaoge, kalale au katembee, mimi niko hapa", na usimuulize amekwenda wapi wala amepungua ngapi. Usiku mmoja au miwili kwa wiki uamke wewe umbadilishe mtoto, umpelekee mamake amnyonyeshe tu, kisha umlaze wewe. Ukipita Kongowea leta mboga na samaki, ukizikatakata wewe mwenyewe ni bora zaidi. Soda na keki za kumfurahisha usilete kila jioni. Mume wangu alianza kutembea nami Jumapili, tukiongea mambo ya zamani, na hizo ndizo jioni nilizokuwa nazingoja wiki nzima.

Baba wa Changamwe

Nimeshukuru sana. Nitaanza leo.

Binti Mkazi wa Bamburi

Mimi nafanya kazi hotelini, likizo yangu ya uzazi ilikwisha mwezi uliopita. Miezi mitatu inapita kama wiki. Zamu ya asubuhi naondoka saa kumi na moja alfajiri, chakula cha wafanyakazi ni chapati na mchuzi wa mafuta. Nitembee saa ngapi? Na maziwa nayo yameanza kukauka.

Nesi wa Zamani

Mwanangu, maziwa kwanza. Kamua kazini, angalau kila baada ya saa tatu, la sivyo mwili unadhani mtoto ameacha. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali safi pa kunyonyesha au kukamua, na choo hakihesabiki. Zungumza na mkubwa wako, nendeni wawili watatu mlio na watoto. Maziwa yatie kwenye chombo chenye barafu urudi nayo.

Kutembea hakuhitaji saa nzima iliyotengwa. Dakika 150 kwa wiki ndicho kipimo kinachoshauriwa, na unaweza kuzikata kumi kumi. Shuka kwenye matatu kituo kimoja kabla. Uko karibu na ufuo wa Pirates, maji yakipwa ule mchanga mgumu wa ukingoni ni mzuri kwa magoti. Chakula beba chako, hata ikiwa ni pojo na chapati moja.

Mwana Kisauni

Mimi nilichomwa sindano ya kupanga uzazi, ile ya miezi mitatu, na tangu hapo nimeongeza kilo sita. Ni sindano au ni mdomo wangu?

Nesi wa Zamani

Inawezekana ni sindano. Si wote, lakini wapo wanaoongezeka nayo. Usiache tu ukakaa bila kinga, mimba ya haraka itakuchosha zaidi. Rudi kliniki uwaambie, kuna koili na njia nyingine zinazofaa kwa anayenyonyesha.

Na kwa kuwa umeuliza: mtu akila kwa kiasi, akitembea, na bado anaongezeka huku amechoka kupita kawaida, anasikia baridi Mombasa hii ya joto, nywele zinamtoka, ngozi imekauka, aombe kupimwa tezi ya thairoidi, iliyo shingoni. Wapo ambao huvurugika ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kuzaa. Hiyo haiponi kwa kujinyima chakula.

Mwana Kisauni

Na Ramadhani? Wengine wanasema kufunga ndiyo nafasi ya kukonda.

Mama wa Wawili, Mji wa Kale

Mwenye nifasi, damu ya baada ya kuzaa, hafungi. Anayenyonyesha akihofia nafsi yake au mtoto ana ruhusa, na kuhusu kulipa muulize sheikh wako. Mimi mtoto alikuwa na miezi minne, nilifunga siku mbili nikaona maziwa yanapungua, nikaacha. Wala mwezi ule si wa kukondea kwetu, tukifuturu kaimati, sambusa na viazi vya nazi kisha daku ya wali.

Mgeni wa Likoni

Nimesoma yote. Samahani kama naharibu uzi. Mtoto wangu wa kwanza, leo siku ya arubaini na tatu. Mamangu ameondoka juzi. Mume wangu ni baharia, anarudi mwezi wa kumi. Nilikuja hapa kutafuta jinsi ya kupunguza tumbo maana nguo zote hazinienei, lakini ukweli ni kwamba nalia kila siku kuanzia asubuhi. Jana sikula hadi usiku. Nikimwangalia mtoto sihisi kitu. Naogopa kumwambia mtu.

Nesi wa Zamani

Mwanangu, hujaharibu kitu. Umefanya sawa kusema.

Sikiliza. Majonzi ya siku za mwanzo huisha ndani ya wiki mbili. Yakiendelea hadi siku ya arubaini na tatu ni ugonjwa, una jina na una tiba, na umewapata wengi wenye imani na wenye kumpenda mtoto wao. Kesho nenda kliniki yako, waambie maneno haya haya uliyoandika hapa, waonyeshe simu kama kusema ni kuzito. Likija wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje kesho, nenda hospitali usiku huu na jirani yako. Habari ya tumbo tutaizungumza mwakani. Kula sasa hivi, chochote kilichopo.

Mgeni wa Likoni

Kuna mkate na maziwa.

Mama wa Wawili, Mji wa Kale

Kula huo mkate. Mimi nakungoja hapa hapa.

Kesho saa mbili nitavuka feri twende kliniki pamoja. Mavyaa amesikia nikimsomea na ameshasema anakuja, atamshika mtoto wakati tukiongea na nesi. Nakuandikia pembeni, nipe jina la kituo cha matatu nitakachoshukia. Tukirudi atapika, nawe utalala.

Mgeni wa Likoni

Nimekula. Nimekuandikia.

Umm Pacha, Mikindani

Jumamosi zamu yangu. Nitakuja na pacha wangu, tutawalaza wote watatu kitanda kimoja.